Kompyuta Mbili, Nyumba Moja: Soma Kabla Hujazima Ukuta wa Moto

Kijitabu cha elimu kwa umma kuhusu kushirikishana mafaili katika mtandao wa nyumbani

TAASISI HIYO SI SISI

Tuanze na jambo linalotuletea watu wengi kwenye dirisha letu la huduma kwa umma siku hizi. Mtu yuko nyumbani kwake, anafungua laptopu achukue picha za harusi zilizohifadhiwa kwenye kompyuta ya mezani pale sebuleni, kama alivyozoea. Safari hii skrini inamjibu kwamba sera za usalama za taasisi yake zinazuia mgeni asiyetambulika kuingia katika folda hiyo. Taasisi ipi? Hana mwajiri, na kompyuta aliinunua kwa fedha yake. Basi wapo wanaotujia wamekunja uso, wakidai serikali imeingia majumbani mwao na kuwafungia mafaili.

Hatujafunga folda ya mtu. Maneno hayo ni ya watengenezaji wa Windows, kampuni ya Microsoft, waliyaandika wakiwa na maofisi akilini, na huyaona hata mwenye kompyuta moja na nusu chumbani. Kilichobadilika ni toleo la Windows 11 liitwalo 24H2, lililoanza kusambazwa kwa wengi Oktoba 2024. Kwa toleo hilo, kompyuta yenye Windows 11 Pro haikubali tena kuingia katika folda ya kompyuta nyingine kama mgeni, yaani bila jina wala nenosiri. Inataka pia kila kinachopita kati ya kompyuta hizo mbili kiwe na saini ya kidijitali, ijulikane kwamba hakuna aliyekichezea njiani. Matoleo ya maofisi makubwa na vyuo yalikuwa yameshamkataa mgeni tangu 2017. Sasa zamu imefika kwa Pro. Wenye toleo la Home hawakuguswa hivyo.

Kwa hiyo folda iliyokuwa wazi miaka yote inagoma asubuhi moja baada ya kompyuta kujisasisha. Inagoma vilevile diski ya nje uliyoichomeka nyuma ya ruta ili nyumba nzima iangalie filamu, hasa ruta ikiwa ya zamani. Usiichukie kompyuta yako kwa hilo. Imekuuliza swali la haki kabisa: huyu anayeingia ni nani?

USIZIME UKUTA WA MOTO

Kugoma kwa folda hakututishi. Kinachotutisha ni dawa inayotolewa mitaani. Anaitwa fundi, au kijana wa jirani anayejua kompyuta, naye anafanya mambo matatu kwa mkupuo: anazima ukuta wa moto, yaani ile firewall inayozuia wasioalikwa kuingia kutoka mtandaoni, anaondoa sharti la nenosiri, kisha anaipa folda ruhusa iliyoandikwa "Everyone", yaani kila mtu. Dakika kumi kazi imekwisha. Mafaili yanapita, unamlipa, unamshukuru, anakwenda zake. Ukuta unabaki umezimwa mwaka mzima, na laptopu ile ile unaibeba kwenda nayo hotelini, chuoni na kwenye mgahawa wenye waifai ya bure.

Hebu tulitazame hilo neno "Everyone" kwa karibu, maana watu wanalisoma kama "kila mtu wa nyumbani kwangu". Halisemi hivyo. Ukishaondoa sharti la nenosiri, kila mtu ni kila aliyemo ndani ya mtandao. Chukua nyumba ya kupanga ya kawaida: vyumba sita, ua mmoja, waifai moja ambayo wapangaji wanaichangia kila mwezi. Nenosiri la waifai limebandikwa ukutani karibu na mita ya umeme. Analo mpangaji aliyehama mwaka juzi, analo mpwa wa chumba cha tatu na rafiki zake wanaokuja kutazama mpira, analo fundi aliyefunga king'amuzi. Wote hao wakifungua kompyuta zao wanaikuta folda yako yenye nakala ya kitambulisho, hati ya kiwanja, vyeti vya watoto na picha ulizodhani umezificha. Wakipewa ruhusa kamili, wanaweza pia kuvifuta.

Na si lazima awe mtu mbaya. Inatosha laptopu yake iwe na programu mbaya.

Ijumaa ya tarehe 12 Mei 2017, programu iliyoitwa WannaCry ilianza kuenea duniani. Iliingia kupitia udhaifu katika SMB ya toleo la kwanza, yaani utaratibu mkongwe ambao kompyuta za Windows zilitumia kupeana mafaili. Haikumsubiri mtu abonyeze kitu. Ilitoka kompyuta moja hadi nyingine yenyewe, ikigonga kila mlango namba 445, ndio mlango wa kushirikisha mafaili, na ulipokuwa wazi ikaingia, ikayafunga mafaili kwa fumbo na kudai dola 300 kwa sarafu ya Bitcoin. Ilifika katika nchi zaidi ya 150. Huko Uingereza, taasisi za hospitali zisizopungua 80 kati ya 236 za England ziliathirika, wagonjwa wakaahirishiwa miadi na magari ya wagonjwa yakaelekezwa kwingine. Dawa ilikuwepo! Microsoft walikuwa wametoa sasisho la kuziba udhaifu huo tarehe 14 Machi, takriban miezi miwili kabla.

Tunaisimulia habari hii kwa sababu bado wapo mafundi wanaoirudisha hiyo SMB ya kwanza ili ruta ya zamani ikubali kuonekana. Windows imeacha kuiweka yenyewe tangu mwishoni mwa 2017. Fundi akikuambia anairudisha "kwa muda tu", mwambie asante, aache. Diski ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, au nunua ruta mpya. Hakuna filamu yenye thamani ya mafaili yako yote.

TAFUTA TATIZO LILIPO

Uzoefu wa dawati letu, na tunajivunia kusema hivyo, ni kwamba wengi wa wanaokuja wakiamini mtandao umeharibika hutoka wameridhika bila ukuta wa moto kuguswa. Tunachofanya ni kwenda hatua kwa hatua, kuanzia kwenye yale ya aibu.

La aibu kuliko yote: kompyuta yenye mafaili imelala. Skrini imejizima, mwenyewe anadhani iko hai kwa kuwa taa ndogo inamweka. Kompyuta iliyolala haimjibu mtu. Iamshe, kisha ujaribu tena.

La pili: je, kompyuta zote mbili zimo katika mtandao mmoja? Mara nyingi laptopu imeunganishwa na hotspoti ya simu kwa sababu bando la ruta liliisha jana, na hakuna aliyeirudisha. Au moja iko kwenye waifai ya wageni, ambayo ruta nyingi huitenganisha na nyingine kwa makusudi. Fungua dirisha la amri katika kila kompyuta, andika ipconfig, usome anwani ya IPv4. Zikianza sawa, mathalani 192.168.1 na namba ya mwisho tu ikitofautiana, ziko nyumba moja. Ukiona 169.254, kompyuta hiyo haikupewa anwani na ruta, ikajipachika yenyewe. Hapo hata ukizima kuta zote za dunia hakitapita kitu. Shughulika na waya, waifai au ruta kwanza.

La tatu: katika mipangilio ya mtandao, Windows huuliza kama mtandao huu ni "Public" au "Private", wa hadhara au wa faragha. Ukiwa wa hadhara, kompyuta hujificha, na ndivyo inavyotakiwa. Mtandao wa nyumbani kwako, ambao nenosiri lake unalijua na walionalo unawajua, uweke kuwa wa faragha, kisha uruhusu kushirikisha mafaili katika mtandao wa faragha peke yake. Ukuta wa moto una mlango wake kwa kazi hiyo, nao hufunguka wenyewe ukiwa bado umewashwa. Tunarudia: ukiwa bado umewashwa. Kama unaishi katika ile nyumba ya vyumba sita, usidanganywe na neno "nyumbani". Uhesabu mtandao huo kuwa wa hadhara, na mafaili yako uyahamishe kwa fleshi.

Kuna pia suala la umeme. Ukikatika na kurudi, ruta huweza kugawa anwani upya, na kompyuta ya sebuleni iliyokuwa 192.168.1.20 ikaamka ni 192.168.1.23. Njia ya mkato uliyoiweka kwa namba inakufa, nawe unaambiwa njia ya mtandao haikupatikana, pamoja na msimbo 0x80070035 unaowaogopesha wengi. Ita kompyuta kwa jina badala ya namba: mikwaju miwili inayolalia kushoto, kisha jina, kama \\SEBULE. Jina likikataa na namba ya sasa ikikubali, basi mtandao ni mzima, kinachosumbua ni kutambuana kwa majina.

NAMBA YA SIRI SI NENOSIRI

Hapa ndipo pagumu, na hapa ndipo watu hukata tamaa wakamwita yule fundi.

Mama mmoja alikaa mbele ya dirisha letu na laptopu mbili. Kisanduku cha jina na nenosiri kilipotokea, aliandika tarakimu nne. Kikakataa. Akaandika tena, polepole, akibonyeza kila tarakimu kama anayetuma pesa kwa simu. Kikakataa.

"Mama, hizo tarakimu ni za nini?"

"Ni namba yangu ya siri, mwanangu. Ndiyo ninayofungulia hii kompyuta kila siku."

Na kweli aliifungulia kila siku. Simu zimetufundisha kwamba namba ya siri ndiyo ufunguo wa kila kitu, lakini katika Windows namba hiyo, ile PIN, ni ya kompyuta ile ile uliyoiwekea. Haisafiri katika mtandao. Kompyuta ya pili inataka nenosiri kamili la akaunti, na wengi walishalisahau, au hawakuwahi kuliandika hata mara moja tangu siku walipofungua akaunti ya Microsoft. Mtu anajaribu mara kumi, akaunti inajifunga kwa dakika kadhaa, naye anaapa kwamba mtandao umelogwa.

Njia tuliyomwonyesha mama yule ndiyo tunayoipendekeza kwa kila nyumba. Katika kompyuta yenye mafaili, ongeza mtumiaji mpya asiye na akaunti ya Microsoft wala mamlaka ya usimamizi. Mwite familia. Mpe nenosiri refu, si jina la mtoto. Kisha bonyeza folda moja tu, ile unayotaka kuishirikisha, uingie kwenye sifa zake na kumpa familia ruhusa. Ruhusa hupimwa mara mbili: ile ya kushirikisha na ile ya folda yenyewe kwenye diski. Zikitofautiana, iliyo kali zaidi ndiyo inayoshinda. Kwa hiyo anayefungua folda na kushindwa kuhifadhi kitu ndani yake, aangalie pande zote mbili kabla ya kulalamika. Katika kompyuta ya pili andika \\SEBULE, na kisanduku kikitokea, jina liwe SEBULE\familia, pamoja na nenosiri lile. Weka alama ya kukumbukwa. Kama kompyuta iliwahi kukumbuka nenosiri la zamani lisilo sahihi, litafute katika hifadhi ya vitambulisho ndani ya paneli ya udhibiti, ulifute, ndipo ujaribu tena.

Kama watoto wanahitaji kutazama picha tu, wape ruhusa ya kusoma, basi. Programu inayofunga mafaili ikiingia katika laptopu ya mtoto, itayafunga yote ambayo mtoto huyo anaruhusiwa kuyabadilisha, yakiwamo yaliyo kwenye kompyuta ya sebuleni. Asiyeruhusiwa kubadilisha hawezi kuwa mlango wa maafa hayo. Na usishirikishe diski nzima. Tumeona watu wameshirikisha diski nzima C ili "wasisumbuke baadaye".

MASHARTI MENGINE

Maelezo haya ni ya Windows 10 na 11 tu. Microsoft ilisitisha huduma kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa walioingia katika mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama, ambao kwa watumiaji wa nyumbani ulitangazwa kukoma Oktoba 2026. Masharti yake yako katika sehemu ya masasisho ya kompyuta yako. Kompyuta za ofisi, hata ukizipeleka nyumbani, ziko chini ya ofisi, muulize mhusika wa kompyuta ofisini kwako. Ile huduma ya zamani ya HomeGroup iliondolewa mwaka 2018, usihangaike kuitafuta.

KAMA FUNDI ALISHAPITA

Usiku wa leo fungua mipangilio ya usalama, uangalie ukuta wa moto wa mitandao yote, ya faragha na ya hadhara. Ukikuta umezimwa, uwashe. Rudisha sharti la nenosiri. Fungua orodha ya folda zilizoshirikishwa, na popote lilipoandikwa "Everyone", liondoe, umweke familia. Folda zikigoma baada ya hapo, rudi kwenye hatua zilizotangulia. Usirudi kwa fundi.

Ukikwama kabisa, njoo dirishani na kompyuta zote mbili pamoja na chaja zake, maana umeme wetu nao una mambo yake. Nenosiri utaliandika mwenyewe kwa mkono wako. Mtumishi wetu yeyote akikuomba umtajie, usimtajie, na umripoti kwa msimamizi wa zamu kabla hujaondoka.