Bua Tamu na Mtamba wa Baba

Mwaka 2019, nikiwa kidato cha tatu, baba alipoteza mtamba wake mmoja shambani kwetu, wilayani Kongwa. Mtama tulishavuna. Ikaja mvua ya mwisho, visiki vikachipua, shamba likawa kijani wakati kila mahali pengine pamekauka. Mtamba akaingia na njaa yake, akala. Muda si mrefu akaanza kuhema kwa kasi, akayumba, akaanguka. Nusu saa haikufika. Siku hizo baba alikuwa na ugomvi wa mpaka na jirani, basi sababu ikapatikana papo hapo: mtamba karogwa. Tangu siku ile wazee wale wawili hawajasalimiana.

Jibu nilikuja kulikuta chuoni, mwaka wa pili, kwenye somo la biolojia. Lakini kabla sijalisema, ngoja nieleze mmea wenyewe, maana wengi wetu tunaujua mtama kama ugali na uji tu.

Upo mtama wenye bua la sukari. Watu wa pwani wanaliita kota, na mtoto wa kijijini hahitaji kufundishwa: anamenya, anatafuna, anatema makapi kama ya muwa. Ni mtama uleule kwa ukoo, ila huu unahifadhi sukari kwenye bua, na nafaka juu unatoa pia. Unakomaa kwa miezi mitatu na nusu hadi minne. Muwa unahitaji mwaka mzima au zaidi, na maji mengi. Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, mara nyingi kati ya milimita 500 na 600. Pale muwa bila umwagiliaji ni ndoto. Mtama ukikosa maji unajikunja majani, unasubiri, mvua ikirudi unaendelea. Unapandwa kwa mistari, sentimita 75 kwa mstari na kama 20 kwa shina, unapunguzwa miche mapema, unapaliliwa. Adui mkubwa ni kweleakwelea, na huyo tunamfukuza kwa watoto, makopo na kelele.

Basi mwanzoni mwa 2024, sukari ilipoadimika nchini na chai ya vimbwetani ikawa inanywewa na karanga, mimi na wenzangu wawili tukasema tujaribu. Kuna kaka anauza juisi ya miwa karibu na geti. Msimu wa mtama ulipofika tukamletea mzigo wa mabua kutoka nyumbani, akatucheka, akatukamulia. Juisi ilikuwa chachu! Kosa letu: mabua yalikaa siku mbili kwenye gunia. Sukari ya mtama haingoji mtu. Ukishakata bua, vijidudu vinaanza kula kabla yako, na juisi iliyokamuliwa ikilala kwenye joto, asubuhi unaamka na pombe.

Mara ya pili tulikata asubuhi, tukakamua jioni. Kujua siku ya kukata ni kazi ya kucha: unaminya chembe ya suke, ikitoa maziwa bado, ikiwa kama unga uliokandwa umefika. Tukaondoa majani na masuke, tukakamua, tukachuja kwa kitambaa, tukaacha juisi itulie kidogo ili wanga ushuke chini, kisha tukaichemsha kwenye sufuria pana. Povu la kijani linapanda mfululizo na lazima uliengue, la sivyo shira inakuwa chungu. Lita sita hivi zilitupa nusu lita na ushee, ya rangi ya asali mbivu. Zaidi ya saa tatu kwenye kuni. Tuliila na mihogo, na nakiri ile ya kwanza kabisa iliungua.

Mwenzetu mmoja aliuliza swali zuri: kwa nini tusiendelee kuchemsha mpaka tupate sukari ya punje? Ndipo kemia inapoingia. Sukari ya dukani ni sukrozi, na molekuli zake zinajipanga safu hadi kuwa punje. Juisi ya mtama ina sukrozi pia, lakini imechanganyika na glukozi na fruktozi nyingi, na wanga kidogo. Hao ni kama watu wanaochomekea kwenye foleni ya bumu: safu haikamiliki. Kwa hiyo mtama mtamu unatoa shira kirahisi na sukari ya punje kwa tabu. Wamarekani walihangaika na jambo hilo tangu mbegu zilipofika kwao miaka ya 1850, na hadi leo Kentucky na Tennessee wanatengeneza shira.

Glukozi hiyohiyo inayoharibu punje haina shida kwenye mafuta. Hamira inakula aina zote tatu za sukari na kutoa ethanoli, ambayo ikishatenganishwa na maji inaendesha magari, kama Brazil, au majiko. Tani moja ya mabua inatoa takribani lita 40. Ugumu ni uleule wa gunia letu: kiwanda kinataka mabua kila siku, shamba linayatoa kwa wiki chache, na yakikaa yanachacha. Watafiti wa ICRISAT nchini India walijaribu kukamua na kuchemsha shira vijijini kwanza, kwa sababu shira inakaa miezi. Mimi naona njia hiyo ndiyo inayotufaa. (Msijaribu kukeneka bwenini. Hiyo ni gongo, na gongo ni kesi.)

Sasa mifugo. Makapi ya mabua yaliyokomaa ni chakula kizuri cha ng'ombe, na mmea mzima uliokatwakatwa, ukashindiliwa kwenye shimo au mfuko hewa isiingie, unakuwa saileji. Ila mtama mchanga una kitu kiitwacho dhurini. Ng'ombe akitafuna, seli zinapasuka, dhurini inakutana na vimeng'enya na sianidi inatoka. Ndiyo sumu ileile ya muhogo mchungu. Mnyama anavuta hewa sawasawa, lakini mwili wake haiwezi kuitumia oksijeni iliyomo kwenye damu. Anahema, hapati nafuu. Hatari iko kwenye mtama usiofika sentimita 60, ulionyauka kwa ukame, na zaidi kwenye maotea baada ya kuvuna. Ukikomaa sumu inapungua. Ukianikwa vizuri au kukaa wiki kadhaa kwenye saileji, nyingi inatoka. Mnyama mwenye njaa asiingizwe kabisa. Daktari wa mifugo anayo sindano, lakini zinahesabiwa dakika.

Siku niliyosoma hayo nilimpigia baba. Nikamweleza yote, hadi muhogo. Akanyamaza muda mrefu, nikadhani salio limekwisha.

"Kwa hiyo ni yale maotea?"

"Ndiyo baba."

"Yalikuwa mafupi. Hapa, usawa wa goti."

Msimu uliofuata alizungushia miiba shamba zima baada ya kuvuna. Kuhusu jirani hakusema lolote, mpaka juzi aliponiuliza nafunga chuo lini. Anataka nikamweleze yule mzee mimi mwenyewe, habari ya mtama tu, na yeye atakuwepo.