Motokaa na Baiskeli: Nani Ampishe Mwenzake?

Asubuhi ya siku ya gulio, katika barabara yo yote ya lami iingiayo mjini kutoka vijijini, twaona jambo lile lile. Mbele yuko baba mmoja juu ya baiskeli, amefunga magunia mawili ya mkaa nyuma yake, apanda mlima kwa shida. Nyuma yake laja basi lililojaa abiria. Dereva apiga honi kwa nguvu, wala hapunguzi mwendo. Yule baba aona hana la kufanya ila kuiacha lami. Aanguka kwenye changarawe pamoja na mzigo wake. Basi lapita. Kwa kuwa hakuna aliyekufa, watu husema hakuna lililotokea.

Sisi twasema limetokea. Mtu amefukuzwa barabarani kama mbuzi aliyeingia shambani, naye atafika sokoni na uchungu moyoni.

Tukiwauliza madereva, nao wana manung'uniko yao. Waendesha baiskeli, wasema, huenda wawili wawili wakizungumza. Hukata kona bila kunyosha mkono. Wengine hushika nyuma ya lori ili wavutwe. Na usiku hawana taa. Hayo yote ni kweli, wala hatuwatetei. Walakini makosa ya pande hizi mbili hayalipwi kwa bei moja. Dereva akikosa, aharibu rangi ya gari lake. Mwendesha baiskeli akikosa, au akikosewa, alipa kwa mifupa yake. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba katika mwaka 2021 watu karibu milioni 1.2 walikufa barabarani duniani kote, na zaidi ya nusu yao walikuwa watu waendao kwa miguu, waendesha baiskeli na wapanda pikipiki.

Yafaa dereva aelewe sababu. Gari liendalo kilometa 80 kwa saa lapita mita 22 kila sekunde. Tena, mwendo ukiongezwa mara mbili, urefu wa njia ihitajiwayo na breki kulisimamisha gari waongezeka mara nne. Naye mwendesha baiskeli hayumbi kwa ukaidi: ukingoni mwa lami ameona shimo au mchanga ambao dereva hauoni, na upepo wa lori lipitalo karibu humsukuma kwanza, kisha humvuta. Kwa hiyo sheria ya Ujerumani, tangu mwaka 2020, yamtaka dereva ampitaye mwenye baiskeli aache nafasi ya mita 1.5 mjini, na mita 2 nje ya mji. Kipimo hicho chafaa kukumbukwa hata kwetu. Nafasi isipopatikana, dereva na angoje nyuma mpaka ipatikane. Honi nayo ni ya kuonya, si ya kutukana.

Wahenga walisema, "Mwenye nguvu mpishe." Madereva wengi hupenda methali hiyo. Lakini wahenga walimshauri mnyonge ajiokoe; hawakumpa mwenye nguvu ruhusa ya kumponda. Mwaka 2007 Baraza la Kipapa lililowashughulikia wahamiaji na wasafiri lilitoa maelekezo juu ya uchungaji wa barabarani, na ndani yake amri kumi za dereva. Ya kwanza ni ile ile ya Sinai: Usiue. Nyingine yaagiza kwamba barabarani tumlinde aliye dhaifu zaidi. Basi, adabu ya njiani si mapambo. Ni sehemu ya amri ya tano, na yamwanzia aliye na nguvu.

Mwendesha baiskeli naye asidhani unyonge wake wamwondolea wajibu. Na aende upande wake wa kushoto. Wakiwa wawili, wafuatane. Anyoshe mkono kabla ya kukata kona, atazame nyuma, atengeneze breki kabla hazijafa kabisa. Jioni awashe taa, na nyuma awe na kioo chekundu cha kurudisha mwanga. Maana dereva hawezi kumheshimu mtu asiyemwona.

Enyi wazazi, watoto hujifunza haya kabla hawajashika usukani. Mtoto aketiye garini na kumsikia baba yake akimtukana mwenye baiskeli amekwisha kupata somo lake la kwanza la udereva. Afadhali asikie baba akisema, "Tumngoje kidogo, ana mzigo."

Katika njia za vijijini hatupitani bila kusalimiana. Kwa nini tukipanda motokaa tusahau salamu? Dereva akipunguza mwendo, na mwenye baiskeli akainua mkono kumshukuru, wote wawili wamepoteza sekunde chache tu. Na yule baba wa mkaa atarudi jioni kwa watoto wake.