Jaribu Kitabu Kabla ya Kununua Kifaa

Wazazi na wanafunzi wengi wanaotaka kusoma vitabu vya kidijitali huanzia dukani. Huuliza tabuleti ipi ni nzuri na bei yake ni ngapi. Pesa hutoka, kifaa hufika nyumbani, na baada ya wiki mbili kinawekwa kabatini kwa sababu herufi ni ndogo, ukurasa unakimbia huku na huku, na macho yanauma. Mtoto analaumiwa kuwa hapendi kusoma, au kifaa kinaitwa duni. Mara nyingi kosa limo ndani ya faili ya kitabu chenyewe.

Somo hili linaeleza namna ya kutambua kitabu kilichopangwa vizuri, kisha programu au kifaa kinachokifaa. Majaribio yote yanaweza kufanywa kwa simu iliyopo nyumbani, kabla ya kutumia hata shilingi moja dukani.

Aina mbili za faili

Vitabu vingi vya kidijitali huja kama PDF au EPUB. PDF ilitolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993 ili ukurasa ubaki vilevile katika kila kompyuta na kila printa. Inafaa kwa fomu, ramani, karatasi za mitihani iliyopita na vitabu vyenye michoro mingi. Shida ni kwamba ukurasa wake haubadiliki. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21, ilhali skrini ya simu nyingi ina takriban sentimita 7. Ukurasa mzima ukiingizwa humo, herufi hupungua hadi thuluthi moja ya ukubwa wake. Msomaji akizikuza, mistari hutoka nje ya skrini, naye hulazimika kusukuma ukurasa kushoto na kulia kwa kila mstari.

EPUB ilipitishwa kuwa kiwango rasmi mwaka 2007. Maandishi yake hufuata skrini jinsi maji yanavyofuata chombo. Herufi zikikuzwa, maneno hushuka mstari unaofuata wala hayatoki nje. Aidha, riwaya isiyo na picha nyingi kwa kawaida haizidi megabaiti chache, lakini kitabu hichohicho kikitengenezwa kwa kupiga picha kurasa kinaweza kufika makumi ya megabaiti. Kwa mkazi anayenunua bando la siku, tofauti hiyo si ndogo.

Majaribio matano

Kwanza, msomaji asakinishe programu ya bure. Kwenye simu za Android, ReadEra hufungua EPUB na PDF bila kufungua akaunti na bila intaneti. Google Play Books nayo hupokea faili za msomaji mwenyewe. Wenye iPhone wana Apple Books, na kwenye kompyuta kuna Thorium Reader. Kitabu cha kujaribia kinaweza kupakuliwa bure kutoka Project Gutenberg, yenye zaidi ya vitabu 70,000, vingi vikiwa vya Kiingereza. Kwa watoto, African Storybook ina hadithi fupi za bure kwa Kiswahili na lugha nyingine za Afrika. Baada ya hapo, msomaji afungue kila kitabu anachokusudia kutumia na kukipima hivi:

1. *Ukubwa wa herufi.* Herufi zikuzwe hadi mwisho. Mistari ikijipanga upya, kitabu kimepita. Ikitoka nje ya skrini, au herufi zikikataa kukua, hicho si kitabu cha simu.

2. *Orodha ya yaliyomo.* Jina la sura likiguswa, sura ifunguke. Mwanafunzi anayedurusu hawezi kupekua kurasa 300 moja baada ya nyingine akitafuta sura ya tisa.

3. *Herufi ng'.* Maneno kama ng'ombe na ng'ambo hufichua kazi ya haraka. Kitabu kilichonakiliwa na mashine bila kusahihishwa huandika “ng ombe” au hukata neno palepale penye alama.

4. *Lugha.* Kila EPUB hubeba ndani yake alama ya lugha iliyotumika. Kitabu cha Kiswahili kikiwekwa alama ya Kiingereza, programu huweza kukata maneno mwishoni mwa mstari kwa kanuni za Kiingereza, na sauti ya kusoma hutamka Kiswahili kana kwamba ni Kiingereza. Msomaji awashe sauti hiyo na kusikiliza aya moja tu.

5. *Majedwali, picha na tanbihi.* Jedwali lisomeke, picha isikatwe, na tanbihi ikiguswa impeleke msomaji kwenye maelezo na kumrudisha alipokuwa.

Kwa msomaji asiyeona au mwenye uoni hafifu, vipimo hivi ndivyo huamua kama atasoma au hatasoma. Sauti husoma maandishi pekee. Mbele ya ukurasa uliopigwa picha hunyamaza. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh mwaka 2017. Mkataba huo huruhusu taasisi zilizoidhinishwa kutengeneza nakala zinazoweza kusomwa na watu hao bila kuomba kibali cha mwenye hakimiliki. Ili nakala hizo ziwafae, ni lazima ziwe zimepangwa vizuri.

Kuchagua kifaa

Vitabu vikifaulu majaribio kwenye simu, huenda hakuna haja ya kununua kitu kingine. Vitabu vya shule vya PDF vyenye michoro na rangi vinahitaji skrini pana, na hapo tabuleti ya inchi 10 husaidia kuliko ya inchi 7.

Anayesoma riwaya kwa saa nyingi anaweza kufikiria kifaa chenye skrini ya wino wa kielektroniki, kama vile Kindle au Kobo. Skrini yake husomeka vizuri juani, na hutumia umeme hasa ukurasa unapobadilishwa, kwa hiyo chaji hudumu siku nyingi. Nyingi huonyesha rangi nyeusi na nyeupe pekee, na hazifai video wala masomo ya mtandaoni. Kobo hufungua EPUB moja kwa moja. Kwa Kindle, EPUB hutumwa kupitia huduma ya Amazon ambayo huigeuza kwanza.

Jambo lingine la kuuliza kabla ya kulipa ni kufuli. Vitabu vingi vinavyouzwa mtandaoni hufungwa ili vifunguke tu katika programu au kifaa cha duka lile. Mnunuzi akihamia kifaa cha kampuni nyingine, huenda vitabu alivyolipia visimfuate.

Nakala halali

Vitabu vya kiada na riwaya zinazosambazwa katika makundi ya WhatsApp bila idhini huvunja Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 na kumnyima mwandishi jasho lake. Nyingi ni kurasa zilizopigwa picha ovyo, nazo huanguka katika jaribio la kwanza.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka maktaba miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Mkazi anayetaka kununua kifaa anaweza kwanza kumuuliza mhudumu wa maktaba ya umma iliyo karibu ni vitabu gani vya kidijitali vinavyopatikana, na ni vya aina gani ya faili. Jibu hilo, pamoja na majaribio matano ya hapo juu, litamwonyesha kifaa anachohitaji, au kwamba simu aliyo nayo inatosha.