Safu ya uzito: usiigeuze bila kopi

Ndugu karani wa koperative ya Yahuma, kama katika jedwali lako la mpunga ndani ya Access safu ya "Uzito" ni ya maandishi, ukipanga, 100 itakuja mbele ya 20, na jumla haitatoka. Lazima igeuzwe kuwa namba. Lakini ngoja kwanza! Pale mlipoandika "80 kg" ao "gunia mbili", programu haitaona namba. Itakuonya, ukikubali, inafuta. Hapo mkulima atalipwa nini?

Basi fanya kopi ya jedwali. Ondoa "kg" zote, na "gunia mbili" uiandike kwa kilo za mizani. Halafu fungua "Mode Création", chagua "Numérique", na ukubwa "Réel double", sababu "Entier long" haishiki nusu kilo. Mwisho, linganisha jumla na daftari.