Istilahi "Moduli" na "Bila Seva" kwa Mfano wa Gesi ya Songo Songo

1.0 Utangulizi
Makala haya yanachunguza namna istilahi mbili za kompyuta, "moduli" na "bila seva", zinavyoweza kufafanuliwa kwa Kiswahili pasipo kumpotosha mwanafunzi. Hoja kuu ni kwamba istilahi haina budi kupimwa kwa jambo linalotendeka, wala si kwa umbo la neno la kigeni. Mfano unaotumika ni gesi asilia ya Songo Songo, wilayani Kilwa.

2.0 Chanzo Kimoja, Watumiaji Wengi
Gesi hiyo iligunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutumika kibiashara mwaka 2004. Huondolewa maji kisiwani, kisha hupita katika bomba chini ya bahari hadi Somanga, na nchi kavu hadi Dar es Salaam. Mitambo ya umeme ya Ubungo na kiwanda cha saruji cha Wazo Hill vilipelekewa gesi iliyokwisha kusafishwa. Haikuwa lazima kila mtumiaji ajijengee mtambo wa kusafishia. Moduli hufanya kazi kama mtambo huo. Ni skripti iandikwayo mara moja, tuseme ya kukagua namba za simu, ikatumiwa na funksheni nyingi.

Aidha, awashaye taa Dar es Salaam hakioni kisima, lakini kisima kipo. Katika huduma kama AWS Lambda, iliyoanzishwa na Amazon mwaka 2014, mwandishi wa programu hatunzi seva. Funksheni yake huamshwa na tukio, hufanya kazi, na malipo hufuata idadi ya miito na muda uliotumika. Seva zipo, ila hutunzwa na mwenye wingu. Kwa hiyo "bila seva" hukanusha kisichokanushika. "Bila kutunza seva" husema kweli zaidi.

3.0 Mpaka wa Mfano
Hata hivyo, mfano huu una kikomo. Gesi ikibadilika kisiwani, badiliko huwafikia wote waliounganishwa na bomba. Moduli sivyo ilivyo. Tangu mwaka 2018, Lambda huruhusu moduli kuwekwa katika "tabaka" linaloshirikiwa na funksheni kadhaa. Kila toleo la tabaka, likishatolewa, halibadiliki, na funksheni hubaki na toleo iliyopangiwa. Kosa likisahihishwa katika toleo jipya, funksheni zilizofungwa kwenye toleo la zamani huendelea nalo. Anayefikiri kwa mantiki ya bomba atadhani amezitengeneza zote, kumbe hajatengeneza hata moja. Yampasa aorodheshe funksheni zote, azielekeze kwenye toleo jipya moja baada ya nyingine, na kuzijaribu.

4.0 Hitimisho
Imedhihirika kwamba mfano wa nyumbani hufundisha dhana kwa wepesi, mradi mwalimu aonyeshe pia unapokomea. Istilahi inayoficha seva, au mfano unaoficha matoleo, humwachia mwanafunzi kosa ambalo atalitambua programu yake itakapokwama.