Kunawiri au kuumwa?

Swali: Daktari, mimi ni mama lishe hapa Ruanda, Songwe. Nina kilo 85, urefu sentimita 160. Watu wanasema nimenawiri. Kuna haja ya kwenda zahanati?

Jibu: Nenda, dada. Gawa 85 kwa 1.6, yaani urefu wako kwa mita, kisha jibu uligawe tena kwa 1.6: unapata 33. Kuanzia 30 ni unene uliopitiliza, hata mtaa ukikusifia. Omba upimwe presha na sukari. Zikiwa juu, huumiza figo na moyo kabla hujahisi chochote. Kipimo cha sukari kikikosekana, omba rufaa kituo cha afya. Kupungua kilo 4 hadi 8 tu husaidia kushusha presha. Anza kwa kupunguza soda: chupa ya mililita 300 ina sukari gramu 30 hivi. Na kule kuonjaonja chipsi jikoni, mama, nako ni kula.