Somo la Sheria: Gamba, Kasuku na Afisa wa Mpakani

Askari wa kituo cha mpakani hapati taabu kutambua bunduki au msokoto wa bangi. Gamba la kakakuona ni jambo jingine. Likiisha kukaushwa na kuchanganywa na maharage ndani ya gunia, hufanana na kipande cha pembe ya ng'ombe au ukucha mkubwa. Na kwa hakika limeumbwa kwa dutu ile ile iliyoumba kucha zetu. Asiyefundishwa ataliruhusu lipite, au, jambo ambalo si jema zaidi, atamkamata mama aliyebeba mifupa ya ng'ombe. Kwa sababu hiyo maafisa wa polisi, wa forodha na wa wanyamapori hufundishwa sheria ya kulinda viumbe walio hatarini kutoweka, na inafaa wakazi wa Mpondwe, Bunagana, Ishasha na mipaka mingine wajue maafisa hao hufundishwa nini.

Msingi wa mafunzo ni mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ujulikanao kwa kifupi kama CITES. Ulitiwa saini mjini Washington tarehe 3 Machi 1973, ukaanza kutumika mwaka 1975. Kongo na Uganda zote ni wanachama, na hivyo mzigo haubadiliki kuwa halali kwa kuvushwa tu ng'ambo ya mto. Viumbe wamepangwa katika viambatisho vitatu. Walio katika kiambatisho cha kwanza, wakiwa wametolewa porini, hawaruhusiwi kufanyiwa biashara ya kimataifa. Walio katika cha pili huweza kuuzwa kwa kibali. Cha tatu ni cha viumbe ambao nchi moja imeomba wenzake waisaidie kuwalinda.

Orodha hizo hubadilika, nalo ni jambo linalowaponza wengi. Aina zote 8 za kakakuona duniani, pamoja na 4 zilizopo Afrika, zilihamishiwa kiambatisho cha kwanza kwa uamuzi wa mkutano wa Johannesburg wa mwaka 2016, ulioanza kutumika Januari 2017. Kasuku wa kijivu, yule mwenye mkia mwekundu, aliingizwa humo wakati huo huo. Mfanyabiashara aliyezoea kuonyesha karatasi ya zamani ya kasuku anaweza kudhani bado inamkinga. Kwa hiyo afisa hufundishwa kukisoma kibali chenyewe, wala si kukitazama mhuri tu: jina la kiumbe, idadi, tarehe, sahihi, na kama mzigo uliopo mbele yake ndio ulioandikwa. Kibali cha kusafirisha nje hudumu miezi 6 tu, na ni cha mzigo mmoja. Kukitumia mara ya pili ni udanganyifu.

Utambuzi hufuata. Pembe ya ndovu ikikatwa, uso wake huonyesha mistari myembamba inayopishana kama wavu. Mfupa hauna mistari hiyo, bali vitundu vidogo. Kioo cha kukuzia cha bei nafuu chatosha kuanzia. Lakini wasafirishaji wakubwa hawaweki mali yao mahali pa kuonekana. Januari 2019 maafisa wa Uganda walifungua makontena yaliyotoka Sudan Kusini, yamejaa magogo. Magogo hayo yalikuwa yametobolewa ndani na kuzibwa kwa nta, na humo mlikuwa na mamia ya vipande vya pembe za ndovu pamoja na magamba ya kakakuona.

Hata hivyo, kukamata ndiyo sehemu rahisi. Sehemu ngumu ya mafunzo ni ile isiyoonekana na umma: kielelezo kihesabiwe na kupimwa mbele ya mtuhumiwa, kipigwe picha, kitiwe alama, na kila mkono unaokipokea uandike jina, tarehe na saa. Mnyororo huo ukikatika mahali pamoja, wakili atauliza swali moja tu: je, magamba haya ndiyo yale yaliyokutwa kwenye gunia? Mashahidi wakitazamana, kesi imekwisha. Ndege hai huongeza ugumu, kwa maana hawawezi kukaa stoo ya polisi kungoja hukumu. Huhesabiwa, hupigwa picha, kisha kwa amri ya mahakama hukabidhiwa wataalamu wa kuwatunza. Mwaka 2022, huko Bunagana, wilaya ya Kisoro, zilikamatwa kasuku 122 wa kijivu waliotoka Kongo, na aliyepatikana nao alihukumiwa kifungo cha miaka 7.

Adhabu si za mzaha. Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 inaruhusu, kwa makosa yanayohusu spishi zilizo hatarini kutoweka, faini isiyozidi shilingi bilioni 20, au kifungo cha maisha, au vyote viwili. Oktoba 2022, mahakama ya Kampala inayoshughulikia kesi za wanyamapori ilimpa kifungo cha maisha mtu aliyekutwa na vipande viwili vya pembe za ndovu. Alikuwa amekwisha kutiwa hatiani kwa kosa la namna hiyo miaka ya nyuma. Viwango hivyo ni vya juu kabisa, na hakimu hupima mazingira ya kila kesi. Lakini kijana wa bodaboda anayelipwa elfu chache kupeleka gunia asilolifungua na ajue kwamba yeye ndiye anayeonekana barabarani, ilhali mwenye mali amekaa mbali. Kukataa mzigo ambao mwenyewe hataki ufunguliwe si ukosefu wa adabu.

Mafunzo yanayomjenga afisa katika kukamata tu ni nusu ya mafunzo, kwa maoni ya mwandishi huyu. Nusu nyingine ni haki za aliyekamatwa. Katiba ya Uganda inaagiza aelezwe sababu ya kukamatwa kwake kwa lugha anayoielewa, na afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita. Haki hizo si za raia peke yake. Mnande wa Kasindi aliyekamatwa Mpondwe anazo sawasawa na ndugu yake Mkonzo wa upande wa pili, na kama haielewi lugha ya mahakama, mkalimani hutolewa bila yeye kulipa. Dhamana ya polisi nayo haiuzwi. Atakayedaiwa fedha kwa ajili yake amwone mkuu wa kituo, au afisa wa uhusiano wa jamii.

Hukumu huja baada ya mnyama kufa, na afisa hawezi kuwa katika kila shamba. Jirani ndiye anayeona kwanza: nyaya za mitego zinazonunuliwa kwa wingi, mgeni anayeuliza bei ya magamba, vizimba vya ndege vinavyoshushwa usiku. Taarifa yenye siku, saa, mahali na namba ya gari ina faida kuliko uvumi wa sokoni, na mtoa taarifa ana haki ya kuomba jina lake lifichwe.

Hutokea pia mnyama akaja mwenyewe. Kakakuona akikutwa shambani hujikunja kama mpira. Hana meno, hamrukii mtu. Asipigwe, asifungwe kwenye mfuko, wala asipelekwe nyumbani kwa nia njema ya kumtunza, maana aliyekutwa naye ndani ya nyumba atapata kazi ya kueleza nia hiyo. Aachwe alipo, mbwa wazuiwe, na mwenyekiti wa LC I, kituo cha polisi au askari wa wanyamapori waarifiwe. Watakapofika, waonyeshwe mahali alipoonekana kwanza, kwa kuwa ni karibu na hapo atakaporudishwa.